Kwa Fundi Hilda Unatolewa na Mlango

Mkoba wenyewe ulikuwa wa mtumba, mweusi, na fundi Hilda aliununua kwa sababu zipu yake ilikuwa nzima. Zipu nzima kwenye mtumba, jamani, ni bahati ya mtende. Alipofika kwake Nzuguni akatia mkono kwenye mfuko wa ndani, akakutana na kitu kigumu kimefungwa kwa mpira. Karata! Akazimwaga kitandani. Lakini hazikuwa karata za kopa na shupaza tunazozijua. Hizi zilikuwa picha tupu: mwanamke kwenye kiti cha enzi kashika kikombe, mzee kainua taa, mtu kaning'inizwa mguu mmoja, jua lenye sura ya binadamu. Hilda, mwimbaji wa sauti ya pili kwaya ya kanisani, aliruka nyuma kama aliyekanyaga mjusi.

"Shindwa!" akaziambia.

Zikatulia. Alipoona zimeshindwa, akasogea tena kuziangalia.

Huyu Hilda ni mshonaji. Umri wake thelathini na sita, mzaliwa wa Mpwapwa, na huu ni mwaka wake wa tatu Dodoma mjini. Alihamia wakati kila mtu anahamia, akapanga fremu moja ya duka yenye chumba nyuma, akatundika kibao, na kazi zikaja. Kwa mkono wake hana mpinzani; akikukatia gauni, hata anayekuchukia atakusifu. Wateja anao wa kumwaga. Rafiki hakuwa naye hata mmoja, na jambo hilo hakulijua mpaka mwezi uliopita alipougua malaria, akaenda zahanati, nesi akamuuliza jina na simu ya mtu wake wa karibu. Hilda akafikiri. Akafikiri tena, foleni nyuma yake inakohoa. Mwisho akataja namba yake mwenyewe. Nesi akaandika bila kuinua macho. Hilda alitoka pale na dawa mkononi na aibu iliyomkaa kifuani wiki nzima, maana ugonjwa ulipona lakini swali la nesi halikupona.

Kwa hiyo kadi zilimkuta ana njaa ya rafiki. Aliyempa maana yake alikuwa Shamila, mwanafunzi wa chuo kule Chimwaga, aliyekuja kupunguziwa gauni la mahafali. Aliziona juu ya meza ya kukatia, akapiga makofi.

"Anti! Umezipata wapi taroti?"

"Kwani ndiyo nini? Ramli?"

"Wapo wanaozipigia ramli. Mimi na wenzangu bwenini tulikuwa nazo, hatukupiga ramli. Asubuhi unachomoa moja, unaitazama, unajiuliza: hapa kwenye picha, mimi ni nani? Nimefanya nini jana? Basi. Ukitaka ikuambie kesho utaolewa na nani, hiyo shauri yako na mchungaji wako."

"Sasa mnajiuliza mambo gani?"

"Yoyote. Sisi tulikuwa tunajiuliza urafiki. Tulikuwa tumegombana vibaya mno, anti, kwa ajili ya sufuria."

Urafiki! Hilda alihisi moyo umepiga hatua mbili kwa mpigo. Akampunguzia Shamila gauni lile siku hiyohiyo, na pindo akamwongezea bure.

Kuanzia hapo asubuhi zake zikabadilika kabisa. Aliamka kabla ya jogoo wa jirani, ananawa uso, anachanganya kadi kama anayepepeta uwele, anachomoa moja. Ya kwanza ikatoka Vikombe Vitatu: wanawake watatu wamenyanyua vikombe juu, wanacheza, matunda yamejaa miguuni. Wee! Hilda aliikodolea macho mpaka uji ukafurika jikoni. Akaitaka picha ile kama mtoto anavyotaka pipi. Akaisimika mbele ya cherehani, akishona anaitazama, akiitazama anacheka peke yake, mpaka mteja mmoja akamuuliza kama amechumbiwa.

Kosa lake, na mimi nalisema wazi kwa kuwa yeye mwenyewe hulisimulia, ni kwamba aliambiwa ajitazame, yeye akaanza kutafuta watu. Siku ya nne ilipotoka Malkia, yule wa kiti cha enzi na kikombe chake, Hilda hakujiuliza chochote. Alimtambua papo hapo. Nani mwingine Nzuguni nzima anakaa kwenye kiti vile, kilemba kimepanda juu, mgongo umenyooka? Mama Noeli! Mwenyekiti wa kwaya! "Ndiye!" akasema kwa sauti. Akampigia simu palepale, akaomba kwenda kumtembelea Jumamosi saa nane. Mama Noeli alishangaa kidogo, akasema karibu sana mwanangu.

Wakati wote huo, kwenye benchi la dukani mlemle, alikuwa anakaa Mwanahawa.

Mwanahawa alikuwa anauza asali na ubuyu kwa beseni, anazunguka mitaa yote ya Nzuguni. Kwao ni Chemba, Msandawe, na akipiga simu kwa mama yake ulimi ulikuwa unagonga kaakaa kwa namna ambayo Hilda aliipenda sana, ila hakuwahi kumwambia. Alikuja mara mbili tatu kwa wiki. Leo pindo la kanga limefumuka, kesho mfuko wa gauni umeachia, keshokutwa mkono wa blauzi. Anaanza kwa salamu ya Kigogo ya kumchokoza: "Mbukwa, fundi!" Kisha anakaa, anahadithia: mumewe Habibu na nyuki waliomfukuza mpaka kisimani, shemeji yake na mbuzi wa mahari. Hilda anasema "Ee." Anasema "Kumbe." Kitambaa kikishonwa, Mwanahawa anasimama. "Haya fundi, naenda." "Haya." Mguu wa Hilda hautoki kwenye pedali. Aliwahi hata kumkaripia: "We Mwanahawa, nunua nguo za maana. Hizi zako kila siku zinafumuka, utadhani zimeshonwa kwa mate." Mwanahawa akacheka mpaka akajifuta machozi.

Basi, Jumamosi ikafika. Hilda akachomoa kadi ikatoka Vikombe Vinane. Mtu wa joho jekundu kageuka, katupa mgongo, anapanda mlima na fimbo yake, nyuma kaacha vikombe vimepangwa. "Safari!" Hilda akashangilia. "Ndiyo safari yangu ya kwa Mama Noeli hii!" Akakaa kwenye cherehani kumalizia sketi ya watu, apate kutoka mapema.

Mwanahawa akaingia. Hakuwa na beseni. Alikuwa na kibegi begani na chupa ya asali mkononi.

"Mbukwa, fundi. Leo ndiyo naondoka."

"Wapi tena?"

"Si Hombolo? Nilikuambia Jumanne. Habibu kapata kazi kwenye shamba la zabibu, tunahamia hukohuko. Yeye katangulia jana na vyombo kwenye kigari cha kirikuu. Mimi nikawaage watu, halafu gari la saa kumi na nusu."

Jumanne cherehani ilikuwa inanguruma. "Aaa, kweli," Hilda akasema, ingawa hakukumbuka. "Haya, nenda salama. Msalimie Habibu. Asali hii yangu? Asante jamani."

Mwanahawa akaenda mpaka mlangoni, akasimama. Akaangalia nje, akaangalia ndani. Hilda alikuwa anaingiza uzi kwenye sindano, jicho moja limefumbwa.

"Haya fundi," Mwanahawa akasema, akaondoka.

Saa nane kamili Hilda alikuwa kwa Mama Noeli, kavaa kitenge kipya, kabeba kilo mbili za sukari na mche wa sabuni kama anayekwenda kuposa. Akapewa kiti chenye kitambaa cha kufuma, chai ya maziwa, karanga na viazi vitamu. Na hapo, ndugu zangu, maongezi yakakwama kama gari kwenye mchanga. Wakaongea upepo wa mwezi wa nane. Wakaongea vumbi linaloletwa na upepo wa mwezi wa nane. Wakaongea sare za kwaya. Watoto wa jirani wanaingia na kutoka, televisheni inapiga kelele. Hilda alimtazama Malkia wake akaona mama wa watu tu, anayesinzia kidogo. Saa kumi kasorobo akaaga, roho imeshuka mpaka kwenye visigino.

"Ngoja nikutoe, nikusindikize kidogo," Mama Noeli akasema. Akajifunga kanga, akavaa kandambili, akatangulia mlangoni.

Na sasa sikilizeni maajabu. Hawajapita hata nyumba tatu, Mama Noeli akaanza kusema kwa sauti nyingine kabisa. Alisema Noeli wake hajapiga simu tangu Pasaka. Alisema zile noti za juu hazifiki siku hizi, koo linagoma, na Jumapili hufungua mdomo tu bila kutoa sauti, na kwaya nzima hakuna anayejua. "Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa," akasema. Hilda naye, bila kupanga, akasimulia zahanati na swali la nesi. Mama Noeli akasimama katikati ya njia, akamshika mkono, akasema "Pole, mwanangu," na haikuwa ile pole ya mdomoni. Hilda alitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Walifika kwenye mwarobaini wa njia panda, wakaupita, hakuna aliyetaka kusimama.

"Lakini Hilda," Mama Noeli akasema, "nikuulize na usikasirike. Mbona wewe huwa hututoi?"

"Kuwatoa?"

"Siku ile tulikuja watatu kupimwa sare. Tukaaga. Tukasimama mlangoni tukisubiri uvae kandambili ututoe hata hatua kumi. Tumesimama weee! Mara tunasikia cherehani: trrrr! Wenzangu walicheka njia nzima. Mpaka leo wakiwa kwenye mazoezi wanasema: kwa fundi Hilda unatolewa na mlango."

Hilda alihisi masikio yanawaka. "Mama, si maringo. Mama yangu alinifundisha hivyo. Naye alikuwa fundi, alitulea saba kwa cherehani moja. Alikuwa anasema, cherehani ikisimama, sufuria nayo inasimama."

"Kwa sufuria alisema kweli. Ila mtu, mwanangu, ndani hasemi. Ndani kuna watoto, kuna majirani, kuna chai ya kumalizia. Neno lenyewe alilokuja nalo analisema njiani, akishaaga. Ukimwacha aende peke yake, anarudi nalo kwake. Kesho analileta tena. Na tena. Mwisho anachoka."

Ndipo picha moja ikamjia Hilda ghafla. Si ya Malkia. Ile ya asubuhi, ya joho jekundu, mtu katupa mgongo. Ameambiwa ajiulize: hapa mimi ni nani? Hakuwa yule anayepanda mlima hata kidogo! Alikuwa yule ambaye hachorwi, aliyekaa nyuma na kutazama mgongo unakwenda. Miaka mitatu anatazama migongo ya watu kutoka kwenye cherehani. Na mgongo alioujua kuliko yote, ambao angeweza kuukatia gauni bila kupima, ulikuwa mgongo wa Mwanahawa.

"Mungu wangu!" akapiga kelele. "Saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika ishirini. Kuna nini?"

"Mwanahawa! Anaondoka! Nimemwacha mlangoni!"

"Sasa unasimama na mimi kufanya nini?" Mama Noeli akamsukuma bega. "Kimbia!"

Hilda akakimbia. Kitenge kipya kilikuwa kimebana, fundi mwenyewe ndiye aliyekibana, sasa kilimlipa. Akakipandisha magotini bila haya, vumbi nyuma, kuku mbele wanatawanyika. Kijana wa bodaboda akamwita, "Dada, panda nikupeleke!" Hilda akajibu huku anahema, "Sina muda wa kupanda!" Alikwenda hatua kama thelathini ndipo maneno yake mwenyewe yakamfikia. Akarudi mbio, akapanda. "Barabara kuu, kituo cha magari ya Hombolo! Endesha, kaka, endesha, usinitazame!"

Alikuwa na hofu ya kuchelewa, ndiyo, lakini chini ya hofu kulikuwa na furaha ya kichaa, furaha ya mtu aliyevua viatu na kuanza kucheza kabla ya kujua wimbo. Alikuwa na mtu wa kumkimbilia! Lini mara ya mwisho alikimbia kwa ajili ya mtu?

Walimkuta njiani, bado kidogo afike kituoni, anatembea pembezoni na kibegi chake. Hilda akashuka pikipiki haijasimama vizuri.

"Mwanahawa!"

Mwanahawa akageuka, akamwona fundi katimka nywele, kitenge magotini, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akashika kifua.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu." Hilda alikuwa anahema mpaka maneno yanakatika. "Nimekuja kukutoa."

Mwanahawa alimtazama, mdomo unacheza, haujaamua. Mwisho akacheka. Kile kicheko chake cha kujifuta machozi, ila safari hii machozi yalizidi kicheko.

"Fundi umesimamisha cherehani?"

"Nimeisimamisha. Lete kibegi."

Wakaanza kutembea. Hatua kama mia mbili tu zilibaki mpaka kituoni, na Hilda akaanza kusema yote kwa haraka, mkoba wa mtumba, Shamila, Malkia, sukari kilo mbili. "Nimekuwa nakutafuta kwenye kadi wiki nzima," akasema.

"Kwenye kadi? Mimi nilikuwa kwenye benchi!"

"Najua! Ndiyo ujinga wangu huo!"

Walicheka mpaka mwanamke mmoja mwenye ndoo akageuka kuwatazama. Halafu Mwanahawa akapunguza mwendo. Akaangalia chini.

"Fundi, na mimi nikuambie kitu. Usinicheke."

"Sema."

"Zile nguo zangu hazikuwa zinafumuka. Nilikuwa nazifumua mwenyewe. Nakaa kitandani na wembe, nafumua pindo, najiambia, ili nipate sababu. Maana kwako mtu haji bure, fundi. Kwako mtu anakuja na nguo."

Hilda akasimama. Alikumbuka kanga ile ya kijani aliyoishona pindo mara nne. Alikumbuka alivyomkaripia, nguo zimeshonwa kwa mate.

"Kwa wembe, Mwanahawa?"

"Blauzi ya mwisho nilijikata kidole." Akamwonyesha. Alama ilikuwepo kweli.

Hilda akakishika kile kidole, akakishikilia, na walitembea hivyo kama watoto wa shule. Alitaka kusema samahani, ikatoka, "Ungefumua hata mapazia, ningeyashona." Mwanahawa alielewa.

Gari la Hombolo lilikuwa linanguruma, tayari. Kondakta alikuwa mlangoni anapiga bati kwa kiganja. "Hombolo, Hombolo ya mwisho! Dada, ni wewe? Twende, nafasi moja!"

Hilda akampa kibegi. Alijitahidi kutabasamu. Alijiambia, angalau umemtoa, Hilda, angalau huyu mmoja, na Hombolo si mbali, ni mahali mtu anaweza kwenda Jumamosi. Aliyaamini maneno hayo, na bado yalimuuma.

Mwanahawa akaweka mguu kwenye ngazi. Akageuka.

"Sasa wewe unarudi na nani?"

"Peke yangu. Nenda, utaachwa."

"Peke yako? Utoke kote kule kunitoa mimi, halafu urudi peke yako kama uliyefukuzwa?"

"Dada, tunaondoka!" kondakta akasema.

"Ondokeni," Mwanahawa akasema. Akashusha mguu. "Habibu nitampigia. Zabibu za Hombolo haziivi leo."

"Mwanahawa, gari la mwisho hilo!"

"La mwisho la leo. Kesho hawatembei?" Akatupia kibegi begani, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akashika njia ya kurudi Nzuguni. Hilda alikuwa bado amesimama, mdomo wazi, gari linamtimulia vumbi.

"Fundi, mbona unazubaa? Twende," Mwanahawa akamwita. "Na mimi nikutoe."